Dodoso linasema walimu wameridhika, mbona wanaacha kazi?

Swali: Mimi ni mkuu wa sekondari binafsi ya bweni, Morogoro, nina walimu 24. Niliwajazisha dodoso la mwanasaikolojia Paul Spector la kuridhika na kazi, wastani ukawa 151, yaani wameridhika. TAMISEMI ilipotangaza ajira za walimu serikalini, watano wakaondoka, wawili kati yao katikati ya muhula. Mikataba yetu ni ya Januari hadi Novemba. Kipimo kimekosea wapi?

Jibu: Mkuu, kwanza kagua hesabu. Dodoso hilo la 1985 lina sentensi 36, na zaidi ya nusu ni za malalamiko. Kwenye hizo, jibu la mwalimu (kati ya 1 na 6) linatolewa kwenye 7: aliyejaza 6 anapata 1. Usipogeuza, lawama zinaingia kwenye jumla kama sifa. Kumbuka pia kuridhika kunaanzia 144 kati ya 216, kwa hiyo 151 imevuka kidogo tu.

Ila hata hesabu ikiwa safi, swali lako kubwa halimo ndani ya dodoso. Spector anapima mambo tisa: mshahara, kupanda cheo, msimamizi, marupurupu, kuthaminiwa, taratibu, wafanyakazi wenzako, kazi yenyewe na mawasiliano. Uhakika wa ajira haumo. Mwalimu anaweza kukuheshimu, akalipenda darasa lake, akalipwa vizuri kuliko mwenzake wa serikalini, na bado akaondoka majina ya ajira za serikali yanapotoka, kwa sababu hajui kama Januari ataitwa tena na Desemba watoto wake watakula nini.

Ongeza sentensi nne au tano zako: kuongezewa mkataba, mshahara kuingia kwa tarehe, malipo ya likizo, michango ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) kufika. Zijumlishe peke yake, usizichanganye na zile 36. Na tafadhali usiulize somo analofundisha mtu. Mwalimu wa Fizikia akiwa mmoja, akiandika "Fizikia" ameshaandika jina lake, na hatasema kweli. Karatasi zikusanywe na mtu asiye wa shuleni.

Halafu fungua mafaili ya mikataba. Kanuni za ajira za 2017 haziruhusu mkataba wa muda maalumu wa mtaalamu, kama mwalimu, kuwa chini ya miezi 12, kwa hiyo huo wa kuishia Novemba una kasoro ya kisheria. Urekebishe kabla hujanunua zawadi ya Siku ya Walimu. Ukipima tena, wapishi, matroni na walinzi nao wajaze. Wengi wao wana mikataba mibovu kuliko ya walimu, na hakuna anayewauliza.