Swali la lugha: Kimeng'enya kinaweza kuunganisha?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Niko Kongwa, naandaa kipeperushi cha wafugaji kuhusu faida za maziwa. Nimeandika: "Kimeng'enya humeng'enya laktosi na kutengeneza sukari inayolisha bakteria wazuri tumboni." Mwenzangu kanikatalia. Anasema kimeng'enya kazi yake ni kumeng'enya tu, hakiwezi kutengeneza kitu, kwa hiyo niandike "enzaimu". Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba. Kimeng'enya, yaani kichocheo cha mabadiliko ya kikemia katika viumbe hai, kibaki; ndilo neno lililozoeleka katika vitabu vyetu vya biolojia. Mwenzako ameshika mzizi wa neno akasahau matumizi yake. Ufunguo umetokana na kufungua, lakini kila jioni tunafunga milango kwa ufunguo huohuo na hakuna anayeshtuka. Jina likishakubalika, mzizi wake hauzuii kitu chenyewe kufanya kazi nyingine.

Na hapa kazi nyingine ipo kweli. Laktosi, yaani sukari ya maziwa, ni sukari mbili ndogo, glukosi na galaktosi, zilizoshikamana. Kimeng'enya kiitwacho beta-galaktosidasi, ambacho wengi hukiita laktasi, huikata laktosi katikati. Glukosi huondoka, galaktosi hubaki imenasa kwenye kimeng'enya kwa muda mfupi sana. Ikidakwa na maji, inaachiliwa peke yake na habari imekwisha. Lakini ikiwa jirani yake ni sukari nyingine, tuseme laktosi ambayo bado haijakatwa, galaktosi hupachikwa hapo. Ikipachikwa nyingine na nyingine, unapata mnyororo mfupi wa sukari. Minyororo hiyo huitwa galakto-oligosakaridi, nayo ni prebiotiki: utumbo mwembamba hauwezi kuimeng'enya, hivyo hufika utumbo mpana ikaliwa na bakteria, hasa bifidobakteria.

Ndiyo maana viwandani hawatumii maziwa kama yalivyokamuliwa. Maziwa ya ng'ombe yana laktosi gramu 5 hivi tu katika kila gramu 100. Yaliyobaki karibu yote ni maji, na maji hushinda. Huchukuliwa laktosi ya majimaji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini, ikakolezwa sana, ndipo kimeng'enya hutiwa ndani yake. Kisha huzimwa kwa joto mapema, kwa sababu kikiachwa kitaanza kuikata hata minyororo kiliyoiunga chenyewe.

Kwa hiyo kosa la sentensi yako liko kwenye kitenzi. "Humeng'enya" humpeleka msomaji moja kwa moja kwenye chakula kinacholainika tumboni, na kuunganisha kote kunapotea. Tumia vitenzi viwili vinavyoonekana: hukata, huunganisha. "Tumboni" nako ni kupana mno. Taja utumbo mpana. "Bakteria wazuri" umepatia. Ni viumbe hai, upatanisho wa a-wa unawafaa, ingawa "bakteria nzuri" tunaisikia sana redioni.

Ningeandika hivi: "Kimeng'enya hukata laktosi na kuunganisha galaktosi kuwa minyororo mifupi ya sukari, ambayo ni chakula cha bakteria wazuri wa utumbo mpana."

Ukitaka kuanza na laktosi, andika "laktosi hukatwa na kimeng'enya", si "hukatika na kimeng'enya". Kukatika hakumtaji mtendaji. Na mtendaji akiwa fundi wa kiwandani, sema hukata laktosi "kwa kimeng'enya" au "kwa kutumia kimeng'enya".

Jambo moja nakusihi, kwa kuwa wasomaji wako ni wafugaji wanaogandisha maziwa kila siku: usiiweke sentensi hii chini ya picha ya kibuyu cha mtindi. Katika mtindi, bakteria huichachua laktosi ikawa asidi ya laktiki, na asidi hiyo ndiyo inayogandisha maziwa. Hapo kitenzi chako ni "huchachua", na sehemu hiyo ipe aya yake.