Uombe Muhimbili au usijisumbue? Kwa wadogo zangu wa PCB wa Kusini

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, simu yangu haipumziki. Wanapiga vijana wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) kutoka Newala, Nachingwea, Masasi, na mara nyingine mzazi ndiye anayeongea huku mtoto akisikiliza pembeni. Swali halibadiliki: "Dokta, niombe Muhimbili au nisijisumbue?" Mimi nimekulia Newala, MD, yaani shahada ya udaktari, nimesomea Chuo Kikuu cha Muhimbili, Dar, na sasa nafanya kazi hospitalini mkoani Lindi. Nitajibu kwa yale niliyoyaona.

Kuomba na kwenda ni maamuzi mawili, na watu wetu huyachanganya. Kuomba ni ada ya maombi na nusu siku ya kukaa steshenari. Kwenda ni miaka mitano ya darasani na wodini, halafu mwaka mmoja wa utarajali, yaani kazi ya mafunzo hospitalini. Kijana anawaza kodi ya chumba Dar, anawaza nauli, anawaza wenzake waliotoka shule za majina, basi haombi kabisa. Chuo hakijamkataa, amejikataa mwenyewe. Hayo ya chumba na nauli utayaamua ukishaona jina lako kwa waliochaguliwa.

Zamani kidogo hesabu ilikuwa ngumu zaidi. Kuanzia 2010 maombi yalipitia mfumo mmoja wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu: unapanga vyuo kwa kufuatana na unasubiri. Tangu 2017 unaomba chuoni moja kwa moja, na unaruhusiwa kuomba zaidi ya kimoja. Ukichaguliwa kwingi, unathibitisha kimoja. Kwa hiyo Muhimbili haikuzuii kuomba Dodoma, Bugando, KCMC ya Moshi, Mbeya au Ifakara. Ninachokukataza ni kuomba Muhimbili peke yake, na kila mwaka nakutana na mtu aliyefanya hivyo.

Sasa pointi, maana hapa ndipo watu wengi wanapotea. Kuna pointi za NECTA, yaani Baraza la Mitihani, na kuna pointi za TCU, na zinakwenda kinyume. Kwa NECTA A ni 1, B ni 2, C ni 3, kwa hiyo ndogo ndiyo nzuri. Kwa TCU A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, kwa hiyo kubwa ndiyo nzuri. Kijana mwenye Division One ya 7, tuseme B mbili na C moja, kwa TCU ana pointi 11. Anasoma kwenye mwongozo kwamba MD inataka pointi 6, angalau D katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, anaduwaa: mbona mimi nina 7, nimezidi au nimepungua? Umezidi, mdogo wangu. Ila hiyo 6 ni ya kukuruhusu kuomba tu. Wengi niliosoma nao walikuwa na A na B. Ukiwa na C tatu, omba kama roho inataka, lakini nguvu zako ziweke kwenye vyuo vingine. Ukiwa na B tatu au zaidi halafu usiombe, hapo mimi nitakugombeza.

Watu wakitaka kukutia moyo watakutajia Mzee Mkapa, mtoto wa Lupaso aliyefika Makerere. Sawa, lakini alipoingia Makerere Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Wewe una pa kuchagua, na ndiyo maana nakuuliza: unataka Muhimbili au unataka udaktari? Ukimaliza chuo chochote kinachotambulika, anayekusajili ni Baraza la Madaktari lile lile. Muhimbili utaona wagonjwa waliopewa rufaa kutoka nchi nzima, taasisi ya moyo na ya mifupa ziko eneo hilo hilo, na hilo ni jambo kubwa. Lakini kitanda kimoja mnaweza kukizunguka kundi zima, na wewe uliye nyuma unaona migongo ya wenzako. Baadhi ya rafiki zangu waliosoma mikoani walizoea kuzalisha na kushona vidonda mapema kuliko mimi.

Kuna pia ujanja wa kujaza kozi yenye ushindani mdogo, ilimradi uingie Muhimbili, ukitumaini kuhamia MD baadaye. Sipendi. Jaza uuguzi au afya ya mazingira kama kweli utaisoma mpaka mwisho.

Nyumbani napo kuna kikao. Kwetu jambo kubwa la mtoto haliendi bila mjomba, na mjomba atauliza hela. Ugumu wetu ni wa majira: maombi yanafunguliwa Julai, korosho inaanza mnadani Oktoba. Julai nyumba nyingi hazina kitu. Basi zungumza na mjomba mapema, tena kwa mafungu: sasa naomba ada ya maombi, ya safari tutaangalia mnadani. Mwambie pia kwamba maombi ya mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo, yana dirisha lake, hayaendi yenyewe kwa kuwa umeomba chuo. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, na kama mzazi amefariki, cha kifo pia. Bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, likichelewa, wiki za mwanzo Dar ni za mfukoni mwako. Waliofaulu sana sayansi wafuatilie na ufadhili wa Samia, ulioanza 2022.

Na pale steshenari, usikubali kijana wa kompyuta ajaze namba yake ya simu kwa sababu yako haina chaji. Namba ya siri ya kuthibitisha chuo inakuja kwa meseji, na muda wa kuthibitisha ni mfupi. Kama mnaishi ndani Liwale, mtandao ukiwa wa kupanda mlimani, weka ya shangazi aliyeko Lindi mjini na umwambie asibadilishe laini.