Usiingie Leba Peke Yako

Juzi usiku msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, nina wiki 35, mimba ya kwanza. Nimemwambia mume wangu nataka doula, kaniuliza, kwani hospitali hakuna manesi?" Doula ni mwanamke aliyesomea kukaa na mwenye uchungu na kumtia moyo, si kumzalisha. Usingizi ulinipaa. Swali hilo hilo niliulizwa ukweni mwaka 2017, nikanyamaza.

Mwaka ule niliingia leba saa tatu usiku, hospitali moja hapa Dar es Salaam. Mama yangu aliishia mlangoni. Alinikabidhi khanga na chupa ya chai, mlango ukafungwa. Mkunga alikuwa mmoja, sisi wazazi saba. Simlaumu kwa kuchelewa, alikimbia usiku kucha. Lakini kila nilipoita jibu lilikuwa "bado, tulia". Hakuna wa kunipa maji, hakuna wa kunikanda kiuno. Alfajiri uchungu uliponizidi nikalia kwa sauti, nikaambiwa, "Acha kelele, wewe si wa kwanza kuzaa." Neno hilo ninalo moyoni mpaka leo. Mtoto alitoka salama, alhamdulillahi, watu wakaja na pongezi zao. Mimi kwa miezi mingi sikutaka hata kupita barabara ile.

Mimba ya pili, mwaka 2021, niliapa haitakuwa hivyo. Nilitafuta hospitali yenye mapazia kati ya vitanda na inayoruhusu msindikizaji, kisha nikampata dada mmoja aliyesomea udoula. Uchungu ulipoanza alikuja nyumbani, akanitembeza uani, kila ukinibana ananikandamiza kiuno kwa viganja. Leba alinipa maji kidogo kidogo na kunikumbusha kukojoa. Alikuwa akininong'oneza: "Huu umepita. Hautarudi. Subiri mwingine." Mkunga alipotaka kuniwekea dripu, doula wangu hakubishana naye. Aliniambia, "Muulize ni ya nini." Nikauliza, nikaelezwa kwamba uchungu umelegea, nikakubali kwa moyo mweupe. Mtoto alilazwa kifuani kwangu na akanyonya kabla saa moja haijaisha. Nililia tena, safari hii kwa furaha.

Neno doula ni la Kigiriki, lina maana ya mtumishi wa kike. Kazi yenyewe bibi zetu wanaijua: mwenye uchungu alizungukwa na wanawake wa ukoo. Tulipohamia hospitali tulipata damu, dawa na upasuaji, na hayo yanaokoa maisha, lakini wale wanawake tukawaacha getini.

Akina baba, nisikilizeni. Doula hapimi njia, hatoi dawa, hazalishi. Mkunga anabaki mkunga, na asiwepo mtu wa kumzalisha mkeo nyumbani eti kwa sababu kuna doula. Kazi yake ni kutobanduka kitandani. Uchambuzi wa mwaka 2017 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopitia tafiti za afya, ulikusanya tafiti za wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 17: waliokuwa na mtu wa kuwasaidia muda wote walielekea kujifungua kwa njia ya kawaida zaidi, upasuaji ukapungua, na uchungu ukawa mfupi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila mzazi awe na msindikizaji anayemtaka mwenyewe. Mnanunua kitanda cha mtoto na nguo za arobaini, mnashindwaje kumpa mkeo mtu wa kumshika mkono?

Kama pesa ya doula hakuna, chagua ndugu mtulivu. Usimchukue shangazi wa kukusimulia waliokufa uzazi! Nenda naye kliniki, mfundishe kukukanda. Na hospitali uliza mapema kama wanaruhusu. Narudia, uliza mapema, usisubiri maji yapasuke.

Hayo ndiyo niliyomjibu. Leo mchana ameandika tena: ameuliza kliniki, wanaruhusu mmoja, mwanamke, aje na khanga safi na ndala. Amemchagua mama yake mdogo. Jumamosi wanakuja kwangu wote wawili, nimwoneshe pa kukandamiza.