Jibu: Kisu cha lethi (mashine ya kukereza) kinaungua nikikereza shafti ya stenlesi

Mkuu, umesema unakereza shafti ya milimita 40 ya boti ya hapo Mikindani kwa raundi 400 kwa dakika, na kisu cha haispidi (chuma kigumu cha kutengenezea visu vya mashine) kinageuka bluu kabla hujafika nusu. Usilaumu kisu. Stenlesi hupitisha joto kama theluthi tu ya chuma cha kawaida, kwa hiyo moto hauendi kwenye shafti, unarundikana kwenye ncha. Haispidi ikifika karibu nyuzi 600 inalainika, na hapo makali ndiyo kwaheri.

Piga hesabu: raundi 400 kwa kipenyo hicho, uso wa shafti unapita kwenye kisu kwa mita 50 kwa dakika. Nyingi mno! Shusha hadi mita 15, yaani raundi 120 hivi.

Halafu acha kugusagusa. Mafundi wengi wakiona moto wanapunguza kina, kisu kinasugua badala ya kukata, na stenlesi ikisuguliwa uso wake unazidi kuwa mgumu. Ingia milimita 1 kamili, kisu kisogee milimita 0.15 kila mzunguko. Ukitaka kusimama, kitoe kwanza.

Mafuta ya kukatia yatiririke bila kukatika. Maji ya bahari usithubutu, chumvi itaitoboatoboa shafti yenyewe.

Kisu cha kabaidi (kigumu kuliko haispidi) kinahimili joto zaidi, ila ukikimwagia mafuta kwa vipindi kinapasuka: ama mfululizo, ama kavu kabisa. Na kama lethi yako inatetemeka, kabaidi itamegeka tu. Mimi ningebaki na haispidi.