Kaveera yangu moja ina uzito gani?

SWALI: Nimeacha kutumia kaveera (mifuko ya plastiki), sasa nabeba kikapu, lakini mtaro wetu hapa Bwaise, Kampala, bado unaziba kila mvua ikinyesha. Majirani wananicheka. Najisumbua bure?

JIBU: Ndugu msomaji, kikapu chako peke yake hakizibui mtaro, hapo majirani wana haki ya kucheka. Sheria ya Mazingira ya 2019 inakataza kaveera zenye unene chini ya mikroni 30, ila sheria haishiki koleo. Wajibu wako unafika hadi kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji: mwombe aitishe kikao.

Zibueni kabla ya mvua za Machi na za Septemba. Kosa kubwa ni kurundika tope ukingoni, maana mvua ya kwanza hulirudisha lote. Litieni kwenye magunia, liondoke siku hiyohiyo. Mbele ya kalavati wekeni wavu wa nondo wenye nafasi za sentimita 5 hivi. Mkibana zaidi, majani yataugeuza kuwa bwawa. Wavu usiosafishwa baada ya kila mvua ni hatari kuliko kutokuwa nao, kwa hiyo andikeni zamu nyumba kwa nyumba. Na changieni gari la taka, la sivyo uchafu utarudi mtaroni usiku.