Injini zikifungiwa, mbona nyingine bado zinaongezeka nguvu?

Swali: Habari mhandisi. Nilisikia mbio za magari za Formula 1 walifungia injini kuanzia 2022 mpaka 2025, hakuna kuongeza nguvu. Sasa mbona Ferrari zilikua zinakufa katikati ya mbio 2022 halafu wakaruhusiwa kuzirekebisha? Si ni kuongeza nguvu kwa mlango wa nyuma? Na timu yenye injini dhaifu ilikua inakaa tu inasubiri?

Jibu: Salama ndugu yangu, na asante, maana umegusa palepale wengi wanapopotea. Kilichofungiwa ni vyuma, sio nguvu. Tarehe 1 Machi 2022 kila kiwanda kilikabidhi muundo wa injini yenyewe, tabo (turbo, ile inayoisukumia injini hewa), ile mota inayovuna umeme kwenye tabo, pamoja na aina ya petroli na oili, halafu tarehe 1 Septemba ikafuata betri, kompyuta na ile mota inayovuna umeme gari likifunga breki. Baada ya hapo hugusi kitu, isipokua uombe FIA, wale wasimamizi wa mbio, ukionyesha kwamba kuna kifaa kinakufa na unataka kukiimarisha, na viwanda vingine navyo vinaliona ombi lako.

Sasa hapo kwenye kuimarisha ndio kuna siri yote. Injini yoyote ya mbio ina nguvu inayoweza kutoa, na ina nguvu unayothubutu kuitoa, na hizo mbili hazilingani. Ukiongeza presha ya tabo na ukaiwahisha cheche, nguvu inapanda, ila joto na mgandamizo ndani ya silinda navyo vinapanda, injini inaanza kugonga, yaani mafuta yanalipuka yenyewe bila mpangilio, pistoni inachoka. Kama pistoni ndio dhaifu unalazimika kuishusha injini yote ili ifike mwisho wa mbio. Siku FIA wakikuruhusu pistoni imara zaidi hujaongeza hata nguvu ya farasi mmoja kwenye karatasi, lakini kesho yake unaipandisha injini pale ulipokua unaogopa kufika. Mimi sioni udanganyifu hapo, kanuni yenyewe ndio imekaa hivyo na viwanda vyote vilikua vinajua.

Kwahiyo swali kubwa kabla mlango haujafungwa lilikua moja tu, uingie na injini gani? Ferrari wakaamua kuingia na nguvu, uimara utafuata. Wakalipa kweli, dereva wao Leclerc aliishiwa injini akiwa anaongoza Hispania na tena Baku, mwenzake Sainz gari likawaka moto Austria, ubingwa ukaondoka. Ila ukiniuliza mimi kama mtu wa injini, uamuzi ule ulikua sahihi, kwasababu yenye nguvu na inayokufa unaruhusiwa kuitibu, lakini inayodumu na haina nguvu hauna cha kumwambia FIA, maana haiumwi!

Tena toka mbio za Italia 2020 walikataza ule mtindo wa kuipandisha injini kwenye kufuzu, ile ya kupanga nani aanze mbele, halafu kuishusha kwenye mbio, seti ya injini inayotumika ni moja. Maana yake uimara sasa unaonekana hadi kwenye muda wa kufuzu, kama injini haivumilii mbio nzima basi hata Jumamosi huwezi kuikamua.

Sasa timu yenye injini dhaifu. Haikai tu, inahamishia kazi kwenye bodi. Inaweka bawa jembamba, lile linalokandamiza gari barabarani, ili isipitwe kwenye sehemu iliyonyooka, alafu inaumia kwenye kona, kwahiyo wahandisi wa upepo wanabeba mzigo ambao sio wao. Lakini inawezekana, enzi za V8, injini za silinda nane, zilifungiwa kuanzia 2007, Renault wakajikuta nyuma, 2009 wakaruhusiwa kusogea kidogo, na bado Red Bull wakabeba ubingwa 2010 mpaka 2013 na injini hiyohiyo ya Renault iliyosemwa haina nguvu kama ya Mercedes. Vyuma vilifungwa, wao wakacheza na moshi, dereva akiachia mafuta injini inaendelea kusukuma hewa ya moto kwenye ekzosi iende chini ya gari ilikandamize barabarani. Mimi kazi ile naipenda mpaka leo.

Na anayenunua injini kwa mwenzake kufungiwa kunamfaa sana, anajua mapema itakaa vipi, inatoa joto kiasi gani, rejeta iwe kubwa kiasi gani, na anapewa vyuma na seti sawa na mwenye kiwanda. McLaren 2024 wamebeba ubingwa wa timu na injini ya Mercedes, Mercedes wenyewe wa nne.

Kinachoniuma ni kiwanda kilichokosea siku ya kukabidhi. Renault walikua nyuma miaka yote hiyo, ikajadiliwa wasaidiwe kufikia wenzao, haikupita, na 2024 wakatangaza kwamba hawatengenezi injini ya 2026, timu yao ya Alpine ikaenda kununua kwa Mercedes. Kuna watu kule karakana walijua shida iko wapi na pengine dawa yake wanaijua, ila walikua hawaruhusiwi kuifungua. Ndio maana nimefurahi kuona kanuni za 2026 zimeweka utaratibu wa FIA kupima injini, na aliyeachwa mbali anaruhusiwa maboresho ya ziada katikati ya msimu.