Maswali ya Wasomaji: Kumkopesha Mfanyabiashara Mdogo wa Nchi ya Mbali, na Kumtembelea

Barua nyingi zilizotufikia safari hii ni za watu waliokwisha kutoa mkopo mdogo kwa mtu wa nchi nyingine kupitia mtandao, au wanaotaka kutoa. Baadhi yao wanapanga safari ili wamwone huyo mkopaji kwa macho. Tumechagua maswali sita.

Nimeona kwamba kwa dola 25 naweza kumkopesha mama mwenye genge katika nchi nyingine. Picha yake ipo na maelezo yake yapo. Nikituma, ni pesa yangu hasa inayomfikia? (Mwalimu mstaafu)

Mara nyingi sivyo, mwalimu, na huo si utapeli. Chukua Kiva, jukwaa la mikopo la mtandaoni lililoanza mwaka 2005 mjini San Francisco na kuzoeza watu jambo hili la kuchanga dola 25 kila mmoja. Kiva haina maafisa wanaozunguka magengeni kugawa mikopo. Inashirikiana na taasisi za mikopo zilizoko huko huko. Taasisi ndiyo inayomhoji mama, inampiga picha na kumpa pesa, na mara nyingi maelezo yake hupandishwa mtandaoni wakati mkopo ameshaupokea. Mchango wako unairudishia taasisi mtaji iliokwisha kuutoa, ili imkopeshe mwingine. Ni vizuri iwe hivyo, maana mwenye genge hawezi kungoja wiki nne watu wa mbali wamalize kuchanga huku msimu wa bidhaa unapita.

Marejesho yanakurudia kidogokidogo bila riba. Unaweza kuyatoa au kuyakopesha tena.

Pesa hiyo inaweza kupotea kwa njia tatu: mkopaji ashindwe kulipa, sarafu ya nchi yake ishuke thamani dhidi ya dola, au taasisi yenyewe ianguke. Wengi huogopa ya kwanza, lakini ya tatu ndiyo nzito. Taasisi ikifilisika, hata mama aliyelipa mpaka senti ya mwisho fedha zake hazikufikii. Kwa hiyo dola 100 zigawe kwa taasisi nne tofauti. Wakopaji wanne wa taasisi moja hawakupunguzii hatari hiyo hata kidogo. Na kabla ya kubofya, tafuta kwenye ukurasa wa mkopo hasara ya kubadilisha fedha inabebwa na nani.

Kama mimi sipati riba, kwa nini mkopaji anatozwa asilimia 2 kwa mwezi? Na hiyo 2 si ndogo tu? (Mhasibu kijana)

Anatozwa kwa sababu mkopo mdogo una gharama kubwa kuuhudumia. Afisa mikopo anayekagua biashara ya mtu anayekopa dola 600 anatumia nauli na saa zilezile ambazo angetumia kwa mkopo wa dola 6,000. Gharama hiyo ni ya kweli, na taasisi isiyoifidia haidumu.

Swali lako la pili ndilo tunalotamani kila mkopeshaji aulize. Jibu ni hapana, si ndogo. Asilimia 2 inayohesabiwa juu ya salio linalopungua ni kitu kimoja, na asilimia 2 inayohesabiwa juu ya kiasi chote cha mwanzo, tangu mwezi wa kwanza mpaka wa mwisho, ni kitu kingine kabisa.

Tuseme mkopo ni dola 600 kwa miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi juu ya kiasi cha mwanzo. Riba ni dola 12 kila mwezi, jumla 144. Atarudisha 744, yaani 62 kwa mwezi. Sasa angalia: mwezi wa sita ukiisha ameshapunguza nusu ya deni, lakini bado anatozwa kana kwamba ameshika dola 600 zote. Ukipiga hesabu kwa salio halisi, riba ni karibu asilimia 3.5 kwa mwezi.

Hapo hatujagusa makato. Taasisi ikikata ada ya asilimia 3 (dola 18) na kuzuia asilimia 10 kama akiba ya lazima (dola 60) itakayorudishwa mwishoni, mkopaji anaondoka na dola 522 mkononi, na rejesho linabaki 62. Gharama yake sasa ni karibu asilimia 4.8 kwa mwezi, yaani kama 58 kwa mwaka. Tangazo bado linasema 2.

Wewe ni mhasibu, unaweza kujihakikishia. Fungua Excel, andika =RATE(12,-62,522,60). Namba nne tu: idadi ya marejesho, kiasi cha rejesho, fedha iliyomfikia mkononi, na kinachorudishwa mwisho. Taasisi isiyotaka kukupa namba hizo nne usiipe pesa yako. Mikopo ambayo watu huiita kausha damu hujificha humo humo, kwenye ada, bima na akiba za lazima. Kwenye riba iliyoandikwa kwa herufi kubwa hukuti kitu.

Mama niliyemkopesha anafuga kuku wa mayai. Alilipa mwezi wa kwanza na wa pili, kisha kimya. Amenidhulumu? (Msomaji aliyekasirika)

Punguza hasira kwanza, ndugu, tuhesabu wiki. Ikiwa alinunua vifaranga wa siku moja, hao huanza kutaga wakiwa na wiki 18 hadi 20. Kuku mmoja hula kilo 6 hadi 8 za chakula kabla ya yai la kwanza. Kwa mkopo kama ule wa jibu lililotangulia, unaolipwa kila mwezi tangu mwezi wa kwanza, wiki ya 18 inamkuta ameshalipa marejesho manne: dola 248 kati ya 522 alizopokea. Karibu nusu ya mtaji imerudi kwa mkopeshaji kabla banda halijatoa hata trei moja.

Pesa ya kulipa inatoka wapi? Inatoka kwenye chakula cha kuku. Anapunguza kipimo, kuku wanadumaa, wanachelewa kutaga, na waliotaga wanatoa mayai madogo. Au anauza kuku kadhaa kabla ya wakati. Au anakopa kwingine ili alipe huku. Akikopa kwingine ndipo shida inapokuwa kubwa, kwa sababu deni la pili huwa ghali kuliko la kwanza. Mwaka 2010 katika jimbo la Andhra Pradesh, India, kaya nyingi zilikuwa na mikopo kadhaa kwa mpigo. Serikali ya jimbo ilipoingilia kati mwezi Oktoba kwa amri ya kubana wakopeshaji, ulipaji uliporomoka jimbo zima.

Kosa basi linaweza kuwa la ratiba, na mtu ni mwaminifu. Utafiti uliofanywa Kolkata, India, uliwapa baadhi ya wakopaji miezi miwili ya kupumua kabla ya rejesho la kwanza. Waliopewa nafasi hiyo waliwekeza zaidi katika biashara, na miaka mitatu baadaye faida yao ilikuwa kubwa kuliko ya wenzao. Walioshindwa kulipa nao waliongezeka, na hilo lazima lisemwe pia. Ndiyo maana taasisi nyingi huogopa kuwapa wakopaji muda wa namna hiyo.

Kwa hiyo unapochagua wa kumkopesha, soma tarehe ya rejesho la kwanza pamoja na aina ya biashara. Genge na mama lishe hupata pesa kila siku, wanaweza kulipa kila wiki. Mkulima anafaa kulipa baada ya mavuno. Mfugaji wa kuku wa mayai anahitaji miezi mitano hivi, au anunue kuku waliokaribia kutaga, ambao bei yake ni juu lakini wanaanza kulipa mapema.

Je, mikopo hii inawatoa watu kwenye umaskini? (Mwanafunzi wa chuo)

Mchumi Muhammad Yunus alianza mwaka 1976 katika kijiji cha Jobra, Bangladesh, kwa dola 27 alizowakopesha watu 42, na mwaka 2006 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Grameen, benki ya mikopo midogo aliyoianzisha. Kwa muda mrefu mikopo midogo ilizungumzwa kama dawa. Mwaka 2015 zilitolewa pamoja tafiti sita, za Bosnia, Ethiopia, India, Meksiko, Mongolia na Moroko, zilizolinganisha waliofikiwa na mikopo na wasiofikiwa. Kwa jumla zilionyesha kwamba watu walipata uhuru zaidi wa kuendesha na kukuza biashara, lakini kipato cha kaya ya kawaida hakikubadilika sana. Tunaona hayo yanatosha kuendelea, mradi mkopo uwe wa bei ya haki. Hayatoshi kumwahidi mtu kwamba atatajirika.

Nitasafiri kwenda nchi anayoishi fundi cherehani niliyemkopesha. Naweza kumtembelea? Nijiandae vipi? (Dada mwenye tiketi tayari)

Unaweza, dada, lakini usimtokee ghafla mlangoni. Ziara njema huanza wiki sita hadi nane kabla.

Andikia taasisi iliyompa mkopo, taja namba ya mkopo na siku utakazokuwapo, na uombe wamwulize kama anapenda kutembelewa. Sisitiza kwamba anaruhusiwa kukataa na kwamba kukataa hakutagusa mkopo wake ujao. Usipoliandika hilo, atakubali kwa hofu. Wengine hawataki kabisa majirani au hata mume ajue wanadaiwa, na mgeni mwenye kamera anayeuliza habari za mkopo anaitangaza siri hiyo mtaa mzima.

Mkalimani umlipe mwenyewe. Afisa mikopo akitafsiri, utaambiwa kila kitu kinakwenda vizuri, maana anayesikiliza ndiye atakayeidhinisha mkopo wa pili. Mwombe afisa akufikishe, awasalimu, kisha akupishe.

Muulize fundi saa ambayo wateja ni wachache, na usizidi saa moja. Nenda peke yako au wawili. Watu sita ndani ya kibanda cha cherehani mbili ni sawa na kumfungia duka.

Ukikaa, usimwulize anapata kiasi gani kwa mwezi. Wengi hawaihesabu biashara yao kwa mwezi, na swali lenyewe lina harufu ya ukaguzi. Uliza ya jana: jana umeshona nini, umenunua nini, nani alichukua nguo bila kulipa? Akikuonyesha daftari kwa hiari yake, tazama ukurasa wa madai. Utakuta majina, nguo zilizoshonwa, na kiasi kilichobaki, mistari iliyokatwa kwa kalamu kwa waliomaliza na mistari mingi isiyokatwa. Hiyo isiyokatwa ndiyo mtaji wake uliolala kwa wateja. Mafundi wengi kama yeye wana kazi tele na bado hawana pesa ya uzi, na dawa hapo mara nyingi ni kuchukua malipo ya awali ya nusu kabla ya kukata kitambaa. Mkopo wa pili ungeongeza deni tu.

Kama unataka kumwunga mkono palepale, agiza nguo. Lipa bei anayowatoza wengine, lipa nusu unapopimwa na nusu unapochukua, na uagize mapema ili isikulazimu kumharakisha. Ukilipa mara tatu ya bei mbele ya wateja wake, kesho yake wataanza kumwona anawaficha kitu, au jamaa watapanga foleni kuomba.

Picha piga kwa ruhusa, na usiweke mtandaoni jina, mahali na deni lake kwa pamoja. Ukipanga kufundisha ushonaji au hesabu kwa siku kadhaa, soma masharti ya viza yako, kwa kuwa nchi nyingi huhesabu kujitolea kama kazi.

Akiniomba pesa mkononi, nimpe? (Dada yuleyule)

Amua kabla hujaondoka nyumbani, ukiwa umetulia. Mkopo wa mkono kwa mkono tunakushauri usitoe: huna njia ya kuudai, yeye anabaki na marejesho mawili yanayogombania pesa ileile, na katika nchi nyingi kukopesha kama shughuli kunahitaji leseni. Ukitaka kutoa, toa zawadi, na uiite zawadi kwa neno hilo hilo mbele ya mkalimani, ili asibaki akijiuliza utarudi lini kuidai. Usiseme “tutaona” wala “nitajaribu”. Kwa mtu anayepanga mtaji wake kwa wiki, “nitajaribu” ni ahadi, na ataagiza kitambaa kwa kuitegemea. Kama jibu ni hapana, liseme siku hiyo hiyo kwa upole, kisha mwulize nguo yako itakuwa tayari lini.